Chaneli ya Nne

Jumanne, saa tisa na robo alasiri, watoto wa shule ya Vilapata walipokwisha kutawanyika, Delfina alipangusa vumbi la chaki kwenye kibodi kwa upindo wa sketi yake, akaiwasha kompyuta. Karani wa shule alikuwa yeye, na kompyuta ilikuwa moja tu, kwa hiyo maradhi yake yote yalimhusu. Ilitoka Brazili, zawadi ya Bwana Casimiro, na ilikuja na mfumo wa Linux ndani kwa sababu Linux ni ya bure, haiombewi kibali kwa mtu. Ilijua kuandika barua na kupanga majina ya watoto. Kupiga muziki haikujua.

Nayo ilitakiwa ijue kabla ya Jumamosi. Jumamosi ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa mji, na bendi ya Vilapata ilikuwa imebaki na watu wawili: Mwalimu Zenón, aliyeiongoza miaka arobaini, na mpiga matoazi mwenye nyonga mbovu. Wengine kumi na mmoja walikuwa São Paulo, huko Brazili, wakishona suruali katika karakana ya Bwana Casimiro huyo huyo. Ala zao zilining'inia darasani kwenye misumari, kila moja juu ya jina la mwenyewe.

Mwalimu Zenón alikuwa ameiandika morenada nzima, ile dansi ya sikukuu, kwenye faili la MIDI, kwa kidole kimoja, wiki tatu. Maishani mwake hakuwahi kuandika "tarumbeta ya kwanza" wala "tromboni".

"Tarumbeta haipigi," alisema. "Anayepiga ni Hilarión. Nimwandikie bati barua?"

Kwa hiyo kila chaneli aliipa jina la mtu. Ya kwanza ilikuwa Hilarión. Ya kumi, ambayo lazima iwe ya ngoma, alipewa Ponciano. Ya nne ilikuwa ya Severo, mpiga bombardino, lile pembe nene la shaba linaloimba kwa sauti ya mwanamume aliyeshiba. Severo alikuwa mume wa Delfina. Wiki kumi na moja zilikuwa zimepita hajapiga simu. Bwana Casimiro alituma salamu kwamba simu ya Severo imetumbukia majini.

"Maji gani hayo, na wao wanashona?" aliuliza Prima, mke wa Hilarión, ambaye hakuna jambo la mtu mjini lililompita. Swali hilo Delfina alikuwa nalo siku nyingi.

Faili la MIDI halina sauti hata chembe. Lina amri tu: nota hii, anza sasa, puliza kwa nguvu hizi, acha. Delfina aliisakinisha programu ya kuzisoma amri hizo, na kompyuta ikakaa kimya. Akagundua kwamba hakuwemo kwenye kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kugusa sauti, akajiingiza. Kimya. Akagundua kwamba kadi ya sauti ilikuja imenyamazishwa tangu kiwandani, akaifungulia. Kimya. Lilikosekana faili kubwa lenye sauti za ala, ambamo programu huchota tarumbeta na ngoma. Intaneti ya shule huja kwa mnara wa kilimani na huondoka na upepo. Faili lilikatika mara nne, mahali pale pale.

Jumatano aliiacha nafasi ya faili hilo tupu, akabonyeza, walau aone kosa litakaloandikwa. Hakuna kosa lililoandikwa. Hilarión akapiga.

Alikuwa Hilarión, na upepo wake ule unaovujia kwenye pengo la jino. Wakafuata wa tromboni, wakafuata wa besi, na Ponciano akaingia na ngoma akiwa amechelewa kidogo kama kawaida yake. Nyuma yao zilisikika cherehani, nyingi, zikikimbia. Morenada ilipokwisha, ala za ukutani zilikuwa zinadondosha mate sakafuni.

Delfina alileta ndoo na dekio. Aliposimama chini ya bombardino alipitisha kidole kwenye mdomo wa ala hiyo. Ilikuwa kavu.

Alhamisi darasa lilijaa pomoni. Wanawake walikuja na mabeseni ya kukingia mate na birika la api, uji wa moto wa mahindi, la kupasha mikono. Viti havikutosha, wengine wakakaa juu ya madawati, na kila mmoja alitaka chaneli ya kwake ipigwe peke yake.

"Anakohoa," alisema mama yake Ponciano. "Nilimwambia avae fulana."

"Wako anakohoa, wangu anasinzia!" alisema Prima. "Sikia hapo, karuka nota mbili."

"We Prima, huyo hata akiwa macho alikuwa anaziruka," alidakia mke wa mpiga tromboni.

"Na wako je? Tangu lini kaipata nota ya juu? Hata harusini kwako ilimshinda!"

Wakacheka hadi api ikamwagika. Halafu mtu akasema, "Delfina, na Severo?" na kicheko kikakatika.

Delfina alizizima chaneli zote akaiacha ya nne. Kwenye skrini amri za Severo zilikuwa zinapita moja baada ya moja, hakuna iliyokosekana. Kwenye spika hakukuwa na kitu. Alikagua miunganisho. Alipandisha sauti hadi mia na ishirini na saba, ambapo MIDI inaishia. Ndipo wakasikia bomba linalodondosha maji, na mtu akijigeuza kwenye kitu kinachoparuza, kama boksi.

"Hicho si kimya cha mtu aliyekufa," alisema Mwalimu Zenón. "Mwekee na Hilarión pamoja."

Delfina akafungua ya kwanza na ya nne pamoja. Hilarión alipiga mpaka mahali anapotakiwa kupumzika, na badala ya kupumzika akagonga ubao mara tatu. Kwenye chaneli ya nne, kwa upande wa pili wa ubao huo huo, mtu akajibu: mara tatu.

"Kafungiwa," alisema Prima, safari hii kwa sauti ndogo. Delfina alikaa chini. Tangu wiki ile ya kwanza bila simu alikuwa amejizuia kukaa.

Bwana Casimiro aliingia mjini Ijumaa na malori mawili ya bia, kwa kuwa mwaka huo mwenyeji wa sikukuu, anayeilipia, alikuwa yeye. Alipita shuleni kuona zawadi yake inavyotumika. Alivaa suti ya kijivu, na kiunoni alikuwa na rundo la funguo.

"Shikamoo, Bwana Casimiro," alisema Delfina. "Severo yuko nyuma ya mlango."

"Marahaba, mama. Kumbe mnasikia mpaka huko!" Alitikisa kichwa kuisifu kompyuta. "Mumeo alidai nimrudishie hati zake. Mtu mmoja akidai, wote wataanza kudai, na suruali zina tarehe ya kukabidhiwa."

"Mfungulie."

"Nimfungulie vipi? Yeye yuko kule, funguo ziko hapa." Akazipigapiga kwa kiganja. "Nikirudi, Alhamisi. Sikukuu kwanza."

"Na hao wengine? Nani kabaki na funguo za mlango mkubwa?"

"Wameachiwa mchele," alisema Bwana Casimiro, na akaomba asikilizishwe morenada. Aliisikiliza hadi mwisho, akigonga kiatu. "Vijana wako vizuri. Ila hawa wa cherehani wapunguzwe kidogo."

"Hawana chaneli yao," alijibu Delfina. "Wamo katika zote."

Jumamosi kompyuta ilipelekwa uwanjani, ikawekwa juu ya meza ya altare chini ya mwavuli. Mwalimu Zenón alisimama mbele ya spika mbili na fimbo yake, na mpiga matoazi akakaa kitini. Bwana Casimiro aliongoza dansi, na mkewe kando yake. Kila alipogeuka, funguo zililia kiunoni, na kila zilipolia, watu kumi ndani ya spika walisita nusu ya pigo, wakasikiliza, ndipo wakaendelea. Mwalimu Zenón alijifunza kuwasubiri.

"Hii kompyuta yenu inakwama," Bwana Casimiro alisema alipopita mezani, jasho likimtiririka.

Delfina alitazama zile funguo. Zilikuwa umbali wa mkono. Alitazama pia akina dada wa mji, wanaume wenye nyonga nzima, mapadri wawili, polisi wa mji akiwa na chupa ya bia, wote wakicheza nyuma ya suti ya kijivu. Kila mmoja alikuwa amesimuliwa habari ya Severo. Prima alihakikisha hilo, nyumba kwa nyumba. Watu walisikitika, kisha wakaulizana mwaka ujao mwenyeji atakuwa nani.

Akaipandisha chaneli ya nne mpaka mwisho.

Ngo, ngo, ngo, ilitoka spikani, katikati ya morenada, mahali ambapo Mwalimu Zenón hakuandika kitu. Wachezaji walipoteza hatua. Mara ya pili walikuwa tayari. Mara ya tatu uwanja mzima ulipiga makofi matatu kwa pamoja, watoto wakaruka, na Bwana Casimiro akainua kofia.

"Hapo ndipo patamu!" alipaza sauti. "Hapo msipaguse!"

Jumatatu aliondoka. Alichukua watu wawili, mwoka mikate na fundi wa redio, kwa maana suruali zilikuwa nyingi na mmoja wa washonaji alikuwa hashoni. Wake zao waliwapungia mkono hadi lori lilipopotea kwenye uwanda mweupe wa chumvi. Mchana huo Mwalimu Zenón alifika shuleni na daftari lake, akamwomba Delfina afungue lile faili. Chaneli ziko kumi na sita. Kwa kidole kimoja aliandika jina la mwoka mikate kwenye ya kumi na mbili, na la fundi kwenye ya kumi na tatu.

"Lakini hawajui kupiga," alisema Delfina.

"Watajua. Wewe waambie wake zao walete mabeseni."

Alhamisi, saa tisa na robo, walikaa wote. Hilarión alianza. Kabla ya ubeti wa pili funguo zililia, kwanza mbali, kisha ndani ya kila chaneli, na cherehani zikasimama. Kwenye ya nne mlango ulifunguka. Severo alivuta pumzi ndefu sana. Akapiga nota moja, ya kwanza kabisa ya morenada, nene, safi, mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Mwenye funguo alisema neno. Mlango ukafungwa tena, ufunguo ukazunguka, na cherehani zikaanza upya.

Bombardino ilidondosha tone moja kwenye beseni la Delfina. Wenzake walimwaga mabeseni yao nje, wakaosha, wakaaga, kwa kuwa kesho kulikuwa na shule. Yeye aliliacha lake palepale chini ya msumari, akaisogeza kompyuta karibu, akaiambia ianze tena tangu mwanzo.