Mshenga wa Geiranger

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama gatini Bergen, huko Norwei, na mvua inaniuliza kwa nini sikuiandika kwenye ratiba.

Nieleze kwanza, maana mimi si mtu wa kuota ovyo. Naitwa Mrisho Sizya. Nimekuwa karani wa ratiba za treni hapa Tabora miaka thelathini na moja, sasa nimestaafu. Binti yetu Siwema, ambaye ni nesi hukohuko Bergen, ametukatia mimi na mama yake tiketi za meli ya matembezi, na tunaondoka wiki ijayo. Meli yenyewe inapita kwenye fiodi, yaani mikono ya bahari iliyojipenyeza katikati ya milima. Asubuhi inafika kwenye mji mdogo, jioni inaondoka. Ukitaka kutembea unashuka na kundi la meli, mnamfuata mtu mwenye bendera. Ama unashuka mwenyewe na mipango yako. Wa kundi wakichelewa, meli inawangoja. Aliyejipangia akichelewa, inamwacha.

Mke wangu Nyamizi alitaka kundi. Nikasema haiwezekani. Mtu aliyepanga treni miaka thelathini na moja aje apangiwe matembezi na mtu mwenye bendera? Nikakaa wiki mbili, nikatoa karatasi kumi na moja, kila dakika imeandikwa mahali pake. Nyamizi alizitazama zote, akazirudisha mezani.

"Baba Siwema," akasema, "nimekusubiri stesheni, nimekusubiri misibani, nimekusubiri kwenye harusi yetu wenyewe. Huko ugenini sikusubiri. Ukichelewa, mimi napanda meli naondoka."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningelala vizuri.

Basi nipo gatini. Mvua imevaa koti la karani, imeishika karatasi yangu ya Bergen, inaisoma kutoka juu hadi chini.

"Sijioni humu," inasema.

"Sikukupanga."

"Mji huu nani hanipangi? Hata watoto wa chekechea wananiandika."

Nikaona ina haki. Nikatoa kalamu nikaandika: mvua, dakika ishirini. Ikanyesha dakika ishirini kamili, ikakatika, ikanipa kitabu nisaini kwamba nimepokea. Nikasaini. Nyamizi, ameloa chapachapa, akaniuliza mbona sikuandika dakika tano.

Tukaingia duka la soksi tujikaushe. Mlango wa nyuma wa duka ulikuwa stesheni ya Flåm.

Sasa hapo Flåm, kwenye karatasi yangu, nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu: kufika dakika kumi kabla. Ndivyo ilivyokuwa. Tulifika dakika kumi kabla yetu wenyewe. Benchi likatuambia wenye safari bado hawajafika, tukae tuwasubiri. Tukakaa. Treni ya kijani ikaingia taratibu, ikanitambua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tupande?"

"Hapana, mzee wangu. Nyinyi mmeshafika. Ninaowachukua mimi ndio hawajafika."

"Lakini hao ndio sisi."

"Wewe ulikuwa karani, mzee. Hayo unayajua kuliko mimi."

Niliyajua. Dakika kumi baadaye nikajiona naja mbio, karatasi zinapepea mkononi, na Nyamizi wa pili nyuma yangu amebeba mfuko. Yule Nyamizi akanitazama mimi niliyekaa, akatikisa kichwa. Huyu wangu akashusha pumzi.

"Yaani hata nikiwa na wewe, inabidi nikusubiri," akasema.

Tukasogea ili wenzetu wakae, na walipokaa tukawa wawili tena. Treni ilishaondoka. Nikasema haidhuru, hii karatasi imekwisha. Nikafunua nyingine, na tulikuwa Geiranger, kituo kingine cha meli, juu kabisa kwenye njia ya mlimani.

Pale palinituliza. Maji ya fiodi yalikuwa ya kijani, kimya, na ukungu umelala katikati ya milima kama shuka iliyoanuliwa haijakunjwa. Meli yetu ilikuwa chini kule, nyeupe, imefungwa gatini. Kwenye bomba lake la moshi kulikuwa na saa kubwa inayosomeka kutoka popote: saa nane mchana. Mwisho wa kurudi, saa kumi na nusu. Nyamizi alikuwa anacheka peke yake, anakanyaga theluji iliyobaki kwenye majani, anaisikiliza inavyolia. Sijamwona akicheka hivyo tangu Siwema alipofaulu mtihani wa unesi. Nikasema moyoni, Mrisho, umepanga vizuri.

Nikasikia kikohozi. Poromoko la maji lililokuwa kando yetu lilikuwa linasafisha koo.

"Samahani kukusimamisha njiani, mzee. Unatokea wapi?"

"Tabora."

"Huko mtu akitaka kuoa anafanyaje?"

"Anatuma mshenga."

Poromoko likanyamaza. Sijapata kuona maji yakinyamaza. Yalisimama hewani, tone juu ya tone, yakifikiri.

"Kumbe hilo ndilo lililonipita," likasema. Likanionesha ng'ambo ya fiodi, ambako maporomoko saba yalikuwa yamejipanga kwenye ukuta wa mlima, membamba, meupe. "Wale ni dada saba, tumbo moja. Mimi watu wa hapa wananiita Mposaji. Nimewaposa tangu barafu ilipoondoka kwenye bonde hili. Wananicheka tu."

"Unaposa mwenyewe?" akauliza Nyamizi. "Kwa makelele yote hayo, mlima mzima unasikia? Eh! Hata mimi ningekukataa."

"Ndiyo maana namwomba mzee anisimamie."

Kwetu mtu mzima akiombwa ushenga hakatai. Anaweza kukataa uenyekiti wa mtaa, anaweza kukataa kuchinja mbuzi wa watu, lakini ushenga hapana, ni kumvunjia mtu uso. Nyamizi analijua hilo vizuri. Hakusema nikatae. Aliitazama tu saa ya meli, na mimi nikaitazama. Saa tisa kasorobo.

"Dakika kumi na tano," nikamwambia.

"Dakika zako nazijua."

"Safari hii kweli tupu, Mama Siwema."

"Mimi natangulia," akasema, akaanza kuteremka. Sikumwona akigeuka. Nilimtazama mpaka kona ikamficha. Nikajiambia nitamkuta tu. Nimekuwa nikijiambia hivyo maisha yangu yote.

Nikachukua kalamu, nikaandika: ng'ambo, dakika kumi na tano. Nikawa ng'ambo.

"Hodi."

"Karibu, mshenga. Viatu acha hapo."

Nikaacha viatu. Wakanitandikia mkeka wa povu, nikakaa. Wa kwanza akaniuliza habari za Tabora, habari za safari, habari za mvua, habari za nyumbani, watoto hawajambo? Nikamjibu, nami nikamuuliza za kwake, za mlima, za theluji ya mwaka huu. Wa pili akaanza upya: habari za Tabora. Wa tatu hivyohivyo. Walikuwa saba, na hakuna aliyekubali kusalimiwa kwa jumla. Salamu peke yake zikala saa nzima. Na mimi salamu sikuzipanga. Karani mzima! Nimeandika mpaka dakika za kufunga kamba za viatu, nikasahau kwamba mimi ni mtu ninayesalimia.

Ndipo nikafikisha ujumbe. Nikasema kuna kijana wa ng'ambo ameona ua kwenye bustani ya nyumba hii, anaomba alichume kwa ruhusa.

"Ua lipi?" akauliza dada mkubwa, aliyekuwa mrefu kuliko wote.

"Hakuniambia."

"Anatutaka wote?"

"Nilivyoelewa mimi, wote."

Wakanong'onezana. Wa tatu akasema, "Wanaruhusiwa wanne. Sisi tuko saba. Watatu watakaa kwa nani?" Wa tano akasema na kijana mwenyewe kila mwaka mwezi wa nane anakaukakauka. Wakaangua kicheko, nikaloa mpaka fulana ya ndani. Dada mkubwa akawanyamazisha.

"Posa tumeisikia," akasema. "Ni mara ya kwanza tunaombwa kwa adabu, ahsante. Lakini hapa kwetu, kabla ya kumjibu mwenye posa, tunamuuliza mshenga habari zake. Wewe mke unaye?"

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

"Ananisubiri melini."

"Tangu lini?"

"Dakika kumi na tano hivi."

Maporomoko yote saba yakanitazama. Sijui kilichonipata. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Miaka thelathini na moja," nikasema.

"Na wewe ndiye unayekuja kutusemea mambo ya ndoa," akasema yule mdogo kabisa. Hakuwa na ubaya, alikuwa anashangaa tu.

Niliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakawaka. Niliiona sahani iliyofunikwa mezani kwetu Tabora, na mtu amesinzia kitini kando yake, hajala, eti chakula hakiliwi bila mwenye nyumba. Miaka yote hiyo nilidhani sahani inajifunika yenyewe.

"Jibu letu ni lilelile la siku zote," akasema dada mkubwa. "Ila mwambie safari hii tumemkataa kwa heshima. Na wewe nenda, baba. Kawia ufike ni maneno ya anayekawia."

Honi ya meli ikalia. Saa kumi na dakika ishirini na tano.

Wakainuka wote saba kunisindikiza, kama ada. Nikawaambia leo sisindikizwi, mniwie radhi, na sijawahi kumwambia mtu neno kama hilo. Nikatoa karatasi niandike "gatini", kumbe wino wote ulishaoshwa na kile kicheko chao. Karatasi kumi na moja, nyeupe pe, kama zimetoka dukani. Ikabidi nikimbie kama watu wengine, na bila viatu.

Nikaizunguka fiodi kwa miguu. Sitasema nilivyopita, maana njia nyingine ilipitia Kwihala, kule kwetu Tabora, na nyingine ilipitia sebuleni kwa shemeji yangu. Mposaji akaniona.

"Mshenga! Wamesemaje?"

Mshenga anarudisha jibu kwa mdomo wake, ameketi, kwa utulivu. Ndiyo kazi yenyewe. Sijawahi kuacha kazi njiani katika maisha yangu, hata siku Siwema anazaliwa sikuiacha.

"Nina mke!" nikamjibu, nikapita.

"Sikuulizi la kwako!" likapiga kelele nyuma yangu.

Nafika gatini saa kumi na dakika thelathini na moja. Ngazi imeshapandishwa. Kipaza sauti kinasema, kwa sauti ya upole sana, kwamba waliokwenda na kundi wanangojwa, na waliojipangia wanatakiwa maisha mema.

"Ni dakika moja tu," naiambia meli.

"Najua, mzee. Na wewe treni zako uliziambia nini kuhusu dakika moja?"

Naijua sheria. Niliiandika mwenyewe ukutani stesheni, kwa rangi nyeusi. Natafuta uso wa Nyamizi kule juu, kwenye safu zote za madirisha. Simwoni. Naita, "Mama Siwema!" Naita tena, "Nyamizi!" Sijamwita kwa jina lake mbele za watu tangu tulipooana. Hakuna anayeitika. Amesema atapanda meli aondoke, amepanda, na ana haki.

Kamba zinafunguliwa, moja baada ya nyingine, zinaanguka majini. Injini inanguruma. Nimesimama miguu mitupu kwenye mawe ya ugenini, nalia waziwazi, sijifuti.

Meli haitoki.

Injini inaongeza nguvu, maji yanachemka povu nyuma yake, milima inatetemeka. Haitoki. Meli yenyewe inashangaa.

"Nani kanishika?" inauliza.

Natazama. Kamba moja imebaki kwenye nguzo ya gati, ya buluu, imekaza mpaka inalia. Inapanda juu, juu, inaingia kwenye kitundu cheusi ubavuni mwa meli. Huko ndani haijafungwa popote. Naona inavyoteleza kidogo, inashikwa. Inateleza tena, inashikwa tena, kama mtu anayebadilisha mkono. Nikaidaka kamba, nikaanza kupanda.

Nikaamka. Jua lilishafika dirishani, na upande wa pili wa kitanda hapakuwa na mtu. Nikatoka mbio mpaka jikoni.

Nyamizi alikuwa amekaa kwenye kigoda, birika liko mbele yake, chai imeshachemka, haijamiminwa. Mikono ameiweka mapajani, viganja juu.

"Afadhali umekuja," akasema. "Nimiminie chai, leo mikono yangu haishiki kitu. Sijui nimeilaliaje."

Nikachuchumaa nikaitazama. Katikati ya viganja vyote viwili kulikuwa na mfuo mwekundu, ngozi imechubuka, na kwenye mchubuko wa kulia umenasa uzi mmoja wa buluu, mgumu, wa kamba ya plastiki. Kamba ya namna ile nyumbani kwetu hatuna.

"Umeota nini?" nikamuuliza.

"Mimi huwa siotagi. Nimeamka tu mabega yananiuma, na nimekukasirikia, wala sijui kosa lako."

Nikammiminia chai. Nikampulizia, nikamshikia kikombe anywe, akaninywea mkononi huku ananitazama kwa mashaka.

"Pole kwa kunisubiri," nikamwambia.

"Lini?" akauliza.

Nikakaa chini palepale sakafuni, maana sikujua nianzie mwaka gani.