Zamu ya Alhamisi

Alhamisi asubuhi Careen alipanda milimani kutoka Same na skana, kompyuta na maandazi mawili, akaketi katika ofisi ya ndiva, bwawa ambalo kijiji kizima hulitumia kumwagilia mashamba kwa zamu. Kazi yake ilikuwa daftari la zamu la mwaka 1951. Mchwa walikuwa wamelila wakashiba. Angelipiga skani, na programu ya kompyuta ndiyo ingetambua jedwali, mstari kwa mstari, hata pale palipobaki matundu.

Programu ilichora mistari mitano ya siku, bila Jumapili, ambayo ni ya ibada, kisha ikachora wa sita, wa Alhamisi, mahali pasipo na neno. Careen akaufuta. Ukarudi. Mara ya tatu maji yakajaa kwenye karatasi yenyewe, yakaanza kudondoka mezani. Akakinga bakuli.

Akaukagua ukurasa. Mchwa hula ovyo, lakini hapa kingo zilikuwa nyoofu. Ulipita wembe. Chini ya maji jina likaibuka taratibu: Elinaza.

Zipora, mama mzee anayefagia ofisi, aliingia na dekio.

"Shikamoo, bibi. Samahani, nimelowesha meza."

"Marahaba, mwanangu." Alilisoma jina. "Huyo baba mkwe wangu. Leo si Alhamisi? Basi hayo maji ni ya kwetu."

Akaenda kuleta ndoo. Maharage yake yalikuwa yamekauka mwaka wa tatu mfululizo.

Ebenezer, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, ambaye orodha ya sasa inampa Jumatano na Alhamisi, alikuja, akachovya kidole bakulini, akaonja.

"Ya ndiva haya, yana tope la kule juu," alisema. "Lakini mama, yaliyopita si ndwele."

Kamati ikakaa mchana huohuo. Iliandika kwamba maji ni halali, na jina ni halali. Orodha ibaki ilivyo. Ila sakafu isiharibike, Zipora awe anakuja kuyachota kila Alhamisi. Careen aliona aibu, akaichapa orodha, Ebenezer mara mbili.

Alhamisi iliyofuata Careen aliporudi kuchukua skana aliyoiacha, alimkuta Zipora akitoka ofisini na ndoo kichwani. Wakashuka pamoja. Njiani walikuta mfereji umejaa pomoni, ukienda shambani kwa Ebenezer. Zipora aliinua kanga kwa mkono mmoja, akavuka polepole, asilowe.