Mke Mwenza wa Kioo Cheusi

Mtaani walimwita Mpigachapa, na jina hilo lilikuwa limemkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Maisha yake ya kazi yote yaliishia nyuma ya mashine ya chapa, akigeuza miandiko ya wakubwa, iliyokaa kama nyayo za kuku, kuwa barua zinazosomeka. Vidole vilikimbia huku mwenyewe akitazama dirishani na kupiga soga na mwenzake wa meza ya pili, na kosa ulitafute hulioni. Kisha akastaafu. Haukupita muda, macho nayo yakaona heri yamfuate.

Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa unaoingia nyumbani kama mwizi mzoefu, mlango hauvunji wala mbwa habweki. Alipoanza kujigonga mabega mlangoni, alilaumu mafundi seremala kwa kujenga milango myembamba. Alipokubali kwenda kwa daktari, akaambiwa kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone, lakini kilichokwenda ndiyo kimekwenda. Kilichobaki kilikuwa kiduchu: mwanga, vivuli, na herufi ikiwa kubwa mfano wa sahani.

Giza lenyewe hakuliogopa sana. Kilichomkera ni kuomba. Alikuwa mtu wa kutaka kujua kila kitu, kuanzia bei ya mbolea mpaka sababu ya nyuki kuimba, na sasa kila swali lilihitaji macho ya mwingine. Mkewe alikuwa fundi cherehani mwenye kazi zake, na tangu ujana wao hakuwahi kumwita kwa neno lingine ila Fundi. "Fundi, hebu nisomee hapa," angesema. Fundi angejibu, "Ngoja nimalize mkono huu," na mkono ukiisha huja kola, na kola ikiisha huja mteja.

Mwokozi akawa kitinda mimba wao, binti aliyekuwa akitunza mitambo ya kompyuta kwenye kampuni moja, katika chumba chenye baridi ambamo mashine hunguruma mchana kutwa. Alikuja siku ya mapumziko na kompyuta ndogo ya kukunja. Mara ya kwanza alimwekea baba yake mtandao wa kawaida na sauti ya kusoma. Wakaisikiliza pamoja. "Kitufe. Kitufe. Picha. Tangazo. Kubali. Kitufe. Tangazo."

"Huu ni mtandao au mnada?" Mpigachapa akauliza.

Binti akacheka, akafuta yote, akafungua dirisha jeusi tupu lenye kijistari kinachopepesa. "Basi tutumie ninayotumia mimi kazini, Baba. Hapa hakuna picha, hakuna vitufe, hakuna kipanya cha kusukuma. Unaandika amri, unajibiwa kwa maneno. Nimekutengenezea amri moja, inaitwa tafuta. Andika tafuta, acha nafasi, kisha andika unachokitaka. Itakuletea majibu yenye namba. Ukitaka la pili, unabonyeza mbili, ukurasa unasomwa."

Mzee akashusha mikono. Vidole vya shahada vikapapasa na kukuta vile vinundu viwili vidogo ambavyo kila kibodi huwa navyo, na uso wake ukachanua. Akaandika bila kusitasita: tafuta kwa nini nyuki huimba. Mashine ikatulia kama mtu anayekumbuka, kisha ikaanza kusoma.

Ila sauti yenyewe ilikuwa ya lugha ya kigeni iliyolazimishwa kusema Kiswahili. Ilitamka "nyuki" kana kwamba wamo kinywani mwake na wanauma. Fundi, aliyekuwa chumba cha pili, akasimamisha cherehani.

"Nani huyo mwanamke?"

"Ni kompyuta, Mama," binti akasema.

"Kompyuta! Nimekaa na mume huyu mpaka nimeota mvi, leo ananiletea mke mwenza, tena asiyejua kusema."

Tangu siku hiyo sauti ile ikaitwa Mke Mwenza, na nyumba ikawa na watu watatu. Asubuhi Mpigachapa akishakunywa chai huketi naye. Alijifunza hila zake. Akagundua kwamba ukimpa maneno mengi ovyo hukuletea takataka, na ukiyafunga maneno kwa alama za kunukuu hutafuta yaleyale kwa mpangilio uleule. Ubishi wowote wa nyumbani ukawa na hakimu. Fundi akisema popo ni ndege, kabla hajameza mate utasikia vidole vinalia ta-ta-ta-ta, na Mke Mwenza anatoa hukumu kwa lafudhi yake ya ajabu.

"Wewe na huyo wako," Fundi angesema, "siku moja mtanitoa humu ndani." Lakini alisema akicheka, na kikombe cha chai alikiweka palepale mkono wa mumewe ulipozoea kukikuta.

Kisha cherehani ikaanza ukorofi. Iliruka mshono, ikakata uzi, ikatulia, ikaruka tena. Ilikuwa cherehani ya miguu, aliyoachiwa Fundi na mama yake. Mtengenezaji wa cherehani aliitwa, akaipaka mafuta, akaishusha thamani kwa maneno mawili matatu, akaondoka. Kesho yake ikaruka mshono vilevile. Fundi akawa kimya. Mtu aliyezoea kuimba akishona akawa hasikiki, na Mpigachapa, ambaye sasa aliijua nyumba kwa masikio, akaona kimya kile kimezidi.

"Hebu niambie jina lililo ubavuni mwake," akasema.

"Ili iweje?"

"Nimuulize mwenzio."

Fundi akaguna, lakini akamtajia. Mzee akaliandika jina la cherehani ndani ya alama za kunukuu, akaongeza: inaruka mshono. Majibu ya kwanza yalikuwa ya watu wanaouza cherehani mpya. Akajaribu kwa Kiingereza chake cha ofisini. Akapangua, akapanga. Mwishowe akafika kwenye ukurasa wa fundi mmoja wa mbali, uliojaa maneno tu bila picha, wa mtu anayezipenda mashine za zamani kama wengine wanavyopenda mbuzi wao. Mke Mwenza akasoma, mzee akafasiri: kabla hujafungua chochote, itazame sindano. Upande wake uliochongwa bapa utazame kushoto. Ukipindika hata kidogo, mshono utaruka.

"Sindano nimeiweka mwenyewe," Fundi akasema. "Cherehani hii naijua kabla sijakujua wewe."

"Najua. Lakini niruhusu niiguse."

Akasogea akipapasa meza, akashika kishikio cha sindano, akaipitishia ncha ya kidole juu, pale inapoingia. Ubapa ulikuwa unatazama nyuma. Alilegeza skrubu, akaigeuza sindano, akakaza.

"Tia uzi," akasema.

Uzi haukuingia. Alisikia Fundi akilamba ncha yake, akijaribu, akivuta pumzi, akilamba tena. Na hapo, amesimama mkono juu ya cherehani, mambo madogo madogo yakaanza kujipanga kichwani mwake. Zile siku za "ngoja nimalize mkono" zilizokuwa haziishi. Mchuzi uliotiwa chumvi mara mbili. Wateja wanaoombwa kwa mzaha, "Hebu nitilie uzi, wewe mwenye macho ya ujana." Na ile asubuhi Fundi alipompokea jirani kwa jina la jirani mwingine, wakacheka wote.

"Fundi," akasema taratibu. "Unanionaje?"

"Nakuonaje vipi? Mzee mwenye maswali."

"Sifanyi mzaha, mke wangu."

Kisha akasikia kiti kikilia na mkewe akiketi kwa uzito.

"Nakuona kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia," Fundi akasema. "Na pazia lenyewe linazidi unene."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nyumba moja haiwezi kuwa na vipofu wawili. Nani angemshika mwenzake mkono?"

Mpigachapa aliujua ugonjwa wake, alijua kilichokwenda hakirudi, na akaona ubaya ule ule umeketi sasa karibu na mkewe. Alitaka kumgombeza. Akakumbuka milango aliyoisingizia wembamba, akameza maneno. Akarudi kwenye kompyuta, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake vidole vikakosea. Akafuta, akaandika upya: tafuta kuona ukungu kama pazia uzeeni.

Fundi akaja akavuta kiti, akaketi bega kwa bega naye. Mke Mwenza akasoma, nao wakasikiliza kama watu wanaosomewa wosia. Yako maradhi mengi, ukurasa ulisema. Upo ugonjwa unaoua mshipa wa jicho, na hasara yake hairudi. Upo na mtoto wa jicho, ambapo lenzi yenyewe huwa na ukungu. Huo huondolewa kwa upasuaji mdogo na kuwekwa lenzi nyingine. Anayeweza kutofautisha ni mtaalamu wa macho tu. Usikae nyumbani ukikisia.

"Umesikia?" mzee akasema. "Usikae nyumbani."

"Nimemsikia," Fundi akasema. "Leo amesema neno la maana."

Binti alipopigiwa simu hakuuliza mara mbili. Aliomba ruhusa kazini akawapeleka. Kwenye kliniki Mpigachapa alikaa kwenye benchi ameshika mkoba wa mkewe kama mtu aliyeshika yai, akisikiliza kila mlango unaofunguka. Daktari mwenyewe ndiye aliyewaita wote ndani.

"Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili," akasema. "Tutaanza na moja, likipona tufanye la pili. Mishipa yake ni mizima."

"Mizima?" mzee akauliza. "Rudia hapo, daktari."

"Mizima kabisa, mzee wangu."

Fundi akashusha pumzi ndefu. "Mimi nilidhani nimefunga uzazi," akasema, na daktari akacheka mpaka akavua miwani.

Jicho la kwanza lilipofunguliwa bandeji, Mpigachapa alikuwa amesimama mbele yake, amevaa shati alilochagua mwenyewe kwa kulipapasa. Fundi alimtazama muda mrefu bila kusema. Mzee akaanza kuogopa.

"Vipi? Unaona?"

"Hivi umezeeka hivi lini?"

"Mimi? Mara ya mwisho nilipojiona kwenye kioo nilikuwa kijana."

"Na shati umelivaa ndani nje," Fundi akasema. Akamshika uso kwa mikono miwili, palepale mbele ya muuguzi na binti yao, akawa anamtazama tu.

Wakati wa kurudi Fundi alikataa kuketi ndani ya gari kabla hajatembea kidogo. Wakaenda wameshikana, binti akiwafuata nyuma na mkoba, na Fundi akaanza kumsimulia mumewe barabara yote. Kuna shuka za maua zimeanikwa ghorofani. Kuna mtu mwenye kipara amepanda baiskeli, kipara kinang'aa kuliko baiskeli. Kuna paka amelala juu ya gunia la mkaa, mweupe, nani atamwosha huyo? Kuna kibao cha kinyozi kimeandikwa "Kinyonzi."

"Kweli?" mzee akauliza kwa furaha kubwa. "Kinyonzi?"

"Haki ya Mungu. Tena kwa rangi nyekundu."

Mzee alicheka mpaka ikabidi wasimame. Kisha akamwambia aendelee, na Fundi akaendelea, hakuruka hata mti, mpaka binti alipowakumbusha kwamba gari lipo na wameliacha mbali nyuma.