Mwenye Nyumba wa Limbe

Mwaka 1949 tulishuka kwenye lori mjini Limbe, Unyasa, na neno langu la kwanza kwa shemeji yangu Osea lilikuwa ashike mzigo wake kwa mikono miwili. Kengele za baiskeli, walevi mchana, malori ya tumbaku yakipigiana honi. Watu walitusukuma bila hata kutusalimu.

Tulitoka kijijini kwetu Ikinga, ng'ambo ya mpaka, kumtafuta mwanangu Lwitiko. Alikwenda Unyasa kutafuta kazi, akanyamaza kabisa, hata tukasikia kwamba anapasua mbao za mierezi juu ya Mlima Mlanje. Nilitaka tupumzike kidogo, miguu ipoe, kisha tupande nikamrudishe nyumbani.

Osea alijua Kinyanja, lugha ya huko, tangu alipokuwa machimboni. Akapata chumba nyuma ya soko kwa mwanamke mmoja, Roda, mwenyeji wa pale. Alitupokea kwa kicheko. Ila nilipojitaja, "Efraimu, wa Ikinga," ndoo ilimponyoka, akakimbilia jikoni.

"Huyu ana jambo," nikasema.

"Umemtisha na hizo ndevu, shemeji."

Tangu hapo akawa ananikwepa. Chakula alikiweka mlangoni, ametupa kisogo, kitambaa kimemfunika uso. Nikitoka uani, anatoweka. Lakini na Osea walizungumza vizuri tu. Nikawaza: mwizi hataki nimwone sura nisije nikamtambua baadaye. Ugali sikuugusa.

"Basi mlima utaupanda kwa hasira," Osea akasema, akavuta sahani yangu.

Alasiri niliamua kumkabili. Nikazunguka nyumba kwa upande wa pili, tukakutana kichochoroni, huku ukuta, huku mtaro wa maji machafu. Roda akaingia mtaroni na viatu vyake vizuri, akachutama, akanipa mgongo.

Nilisimama pale pale. Kwetu Ikinga, sisi Wandali, mke wa mwana haonani na baba mkwe. Akimsikia njiani, ataingia hata kwenye miiba. Lakini mwanamke wa Limbe alifundishwa na nani adabu hiyo?

Nikaenda mbio kutoa mzigo wangu chumbani, maana baba mkwe halali chini ya paa la mkamwana wake. Nikakaa kwenye baraza la jirani, nikamtuma Osea akamuulize mumewe ni nani.

Alirudi hacheki.

"Ni Lwitiko. Yuko mlimani kweli. Lakini huko anatumia jina jingine, na wenzake wameagizwa wamkane. Roda anauliza kwanza: umekuja kumwona au kumchukua?"

Nilitazama mlango wake. Nilijua yuko nyuma yake, anasikiliza. Nilikuwa nimemwahidi mama yake Lwitiko kwamba nitarudi naye. Tena kudanganya kulikuwa rahisi, kwani mwanamke huyu asingenitazama usoni.

"Mwambie nilikuja kumchukua," nikasema. "Sasa nitamwona tu."

Osea akaingia, akakawia. Alipotoka, alisema, "Tukifika kambini tumuulizie Sadoki."

Sadoki ni jina la ubatizo la marehemu baba yangu, aliyemlea Lwitiko mapajani mwake.