Kamera ya Mkiani

Boaz hakuwa na ugomvi na kamera. Ugomvi wake ulikuwa na Salmini, kijana wa mjini Kahama aliyekuja kwenye uwanja wa nyasi wa Masumbwe kujifunza kurusha ndege isiyo na injini. Ndege hiyo huvutwa kwa kamba na ndege nyingine yenye injini mpaka juu, na rubani anayeivuta ni Asteria, Mama Juliana, mke wa Boaz. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, sawa, lakini huyu kamba yake imefungwa kwa mke wa mtu!

Na sasa Boaz, fundi wa uwanja, ameagizwa afunge kamera mkiani mwa ndege ya Asteria ili amwone Salmini njia nzima kwenye kioo kilicho mbele yake. Sababu aliijua. Ndege ya nyuma ikipanda kupita kiasi huinua mkia wa ile ya mbele, pua ikaelekea ardhini. Rubani asipoiona mapema akaachia kamba, kinachofuata ni matanga. Yote hayo aliyajua, ila wivu ulimzidi nguvu.

Waya zilikwisha unganishwa, Asteria kitini akijaribu redio. Boaz alikuwa amechutama mkiani na bisibisi yake.

"Shikamoo, fundi," Salmini akasema akipita. "Leo Mama Juliana ataniona vizuri."

"Marahaba," Boaz akajibu, meno ameyauma.

Kijana alipoondoka, Boaz akalegeza skrubu, akaiinamisha kamera mpaka ikatazama nyasi, akakaza. Haya, na amwone sasa!

Injini ikawaka. Boaz akasogea pembeni, macho kwenye ule mkia. Kunyanyua mikono tu kungetosha. Kila mtu pale anaijua ishara ya kusimamisha ndege. Lakini angeulizwa sababu, tena mbele ya Salmini. Akajiambia mke wake ni mzoefu, atajua la kufanya. Mikono ikabaki mifukoni, akaitazama kamba ikijivuta kwenye nyasi mpaka ikanyooka, tayari kwa kuruka.

Injini ikazimwa. Asteria akashuka, akamjia taratibu, akanyoosha mkono apewe bisibisi.

"Baba Juliana, kamera nilikuwa nimeshaiwasha. Uso wako ulijaa kioo kizima. Nilikuona ukiiinamisha."

"Mama Juliana, mimi..."

"Nikawasha injini, nikangoja unisimamishe. Nimekungoja mpaka kamba imenyooka, Boaz."