Land Rover ya Revocatus na Ng'ombe Wangu

Ng'ombe walikuwa wangu. Najua wapo watakaonicheka, maana kwetu msichana hana ng'ombe. Kuna ng'ombe wanaotolewa kwa ajili yake, na wakishaingia zizini ni wa wanaume wa nyumba. Lakini wale walitoka kwa kina Ngosha, mchumba wangu, kuja kunioa mimi. Hawakuja kumwoa baba mdogo Maige.

Baba alikwisha kufariki, kwa hiyo mahari aliipokea baba mdogo. Hata kabla ndoa yetu haijatangazwa kanisani, akaja na habari za gari. Ilikuwa ile miaka mambo yamefunguliwa, kila kitu ruksa. Watu waliokuwa na mtumbwi mmoja wa sangara walikuwa wanajenga, na waliouza nyanya chini walikuwa wamefungua maduka ya mitumba. Baba mdogo, aliyevua ujana wake wote kwenye mitumbwi ya watu, akaona amebaki yeye. Ndipo akampata Revocatus wa Butimba, mwenye Land Rover ya zamani, ile ndefu, ambayo alikuwa ameibadilisha. Ameirefusha nyuma ibebe watu zaidi, ameivua injini yake na kuitia ya dizeli ya lori la Kijapani, ameifunga viti vya basi na kuipaka rangi ya bluu. Huyo Revocatus hakutaka pesa. Alitaka ng'ombe. Gari huku, ng'ombe kule, watu wapeane mikono.

Nisikilizwe vizuri kwa nini jambo hilo lilinikaa kooni. Dada yangu Odeta alirudi nyumbani kutoka kwa mume wake akiwa na jino limevunjika. Wanaume wakakaa kikao, wakakubaliana kwamba mume amekosa. Halafu wakaulizana ng'ombe wa kurudisha watatoka wapi, maana walikwisha kuwa bati juu ya nyumba ya baba mdogo. Mwisho Odeta akarudishwa kwa mume wake. Mvua ikinyesha nikasikia bati lile, sipendi kuwa karibu.

Ngosha si mtu mbaya. Lakini hata mume wa Odeta hakuanza kwa kumvunja mtu jino. Nilitaka ng'ombe wangu wawepo, basi, wale majani na kuzaa. Na kama ni lazima wageuke gari, basi liwe gari linalotembea.

Siku ya kubadilishana vijana wa kuswaga hawakuwepo, nikaambiwa niwaswage mimi kutoka Mkolani hadi ufukweni Nyegezi. Mama alinifunga kanga vizuri mabegani kama mtoto anayepelekwa shule, akaniambia nitazame kwanza, nisiseme mpaka nimeona.

Mimi na baba mdogo tulimkuta Revocatus analiosha gari ukingoni mwa maji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anawatazama ng'ombe, si mimi. Ng'ombe wakashuka kunywa. Baba mdogo akaanza kulizunguka gari, anapigapiga bodi kwa kiganja kama anavyopiga mgongo wa fahali. Injini ilipowashwa akafumba macho. Revocatus akawa anaeleza jinsi injini hiyo isivyojua kuchoka, na jinsi gari hilo lilivyo la zamani kwa chuma na la kisasa kwa nguvu.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Nikapanda kidogo, mguu mmoja tu, nikainua mpira uliotandikwa sakafuni. Chini yake sakafu ilikuwa na tundu, na kupitia tundu lile nikaona chuma kirefu kinachobeba gari lote. Mahali pamoja kilikuwa kimevimba kama kovu, kimepakwa lami mbichi, ingawa kwingine kote kulikuwa kutu tupu.

Nikauliza kwa adabu kama hapo ndipo palipoungwa.

Revocatus akautupia jicho ule mpira. Akasema hapo ndipo palipoongezewa nguvu. Halafu hakuniangalia tena, alimgeukia baba mdogo na kuteremsha sauti kama anayemsitiri mtu.

"Mzee Maige, wewe ni mtu wa ziwa. Mtumbwi ambao haujawa wako, mwanamke anaupanda?"

Baba mdogo alinishika kanga akanivuta chini. Kwenye mitumbwi aliyoifanyia kazi ulikuwepo mwiko huo: mwanamke akikalia mtumbwi kabla tajiri mpya hajaupokea, hautapata kitu mpaka uoze. Akaniambia nikasimame na ng'ombe, na nisiguse kitu. Revocatus akasema gari ni hivyo hivyo, hasa la biashara, nuksi haichagui mbao wala chuma. Alisema bila haya, na mimi nilikuwa nimeona jicho lake lilivyokwenda kwenye ule mpira kabla ya kukumbuka mwiko.

Basi nikasimama na ng'ombe. Waliokula mahari wakaingia garini, niliyetolewa mahari nikabaki nje.

Wakaliendesha pale pale ufukweni, kwenye mchanga uliolowa, kwenda na kurudi. Lilipokuwa linakwenda nikaliona kwa nyuma. Lilikwenda mbele, lakini ubavu wake niliuona. Linatembea kama mbwa, kichwa huku, kiuno kule. Nikainama kwenye alama za matairi mchangani. Ng'ombe mzima akitembea, kwato ya nyuma inakanyaga palepale ilipotoka ya mbele. Nimechunga, nimeona, na aliyeumia nyonga unamjua kwa nyayo kabla hujamwona. Gari nalo likinyooka, matairi ya nyuma yanapita mlemle ya mbele yalimopita. Hili lilikuwa limeacha mistari minne. Ile ya nyuma ilikuwa imekaa kushoto, upana wa kiganja.

Waliposhuka nikamwita baba mdogo pembeni. Nikamwambia gari hili limekatwa na kuungwa, na halikuungwa sawa, likipakia watu litavunjika kiuno. Nikamwonyesha ng'ombe, nikamwonyesha mchanga.

Akacheka. Baba mdogo ulimi wake ni wa Kisukuma hasa, kwake gari ni gali.

"Hili ni gali, Sabina. Si ndama."

"Muulize kwato ziko wapi," Revocatus akasema kwa mbali, wakacheka wote wawili.

Nikamwambia mara ya pili. Nikamwomba aje aone tu, akishaona anyamaze kama anataka. Akaanza kuja. Revocatus naye akaja, anaongea habari za abiria wa Misungwi, na huku anaongea anapitisha malapa yake juu ya alama, polepole, kama mtu asiye na habari, mstari mmoja kisha mwingine. Baba mdogo alipofika pale palikuwa mchanga tu. Akaniambia mchanga ni mchanga, nisimtie aibu mbele za watu.

Akachukua kamba ya jike jekundu, yule anayewaongoza wenzake, akainyoosha kwa Revocatus.

Sikupiga kelele. Nilikwenda kwenye gari, nikafungua mlango wa dereva, nikapanda, nikakaa. Nikakaa vizuri, nikajisogeza mpaka mgongo ukagusa kiti, nikashika usukani kwa mikono miwili. Kisha nikafunga mlango.

"Mshushe huyo," Revocatus akasema.

Baba mdogo alikuwa amekwisha kuirudisha kamba kifuani. "Amekalia," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona nyoka.

Revocatus alianza kwa kucheka. Alipoona hachekewi, akasema gari ni chuma, chuma kina mwiko gani, hayo ni mambo ya wavuvi.

Baba mdogo akasema, "Umesema mwenyewe. Nuksi haichagui mbao wala chuma."

"Nilikuwa natania, mzee."

Baba mdogo alikuwa ameshaanza kuwaita ng'ombe. Revocatus alijitolea kuliosha gari upya, lote, kwa sabuni. Akasema ataongeza tairi la akiba. Nikashuka taratibu na kumshukuru kwa kiti, maana nilifundishwa kushukuru. Aliniita jina ambalo siliandiki hapa.

Njia nzima ya kurudi baba mdogo alinisema. Nimemkosesha utajiri, nimelaani gari zima, mwanamke gani asiyesikia. Kuhusu mistari ya mchangani hakutaja hata neno. Nilimwambia mara mbili alichokuja kukiangalia, hakusikia. Nilipokaa tu, akasikia. Aliamini makalio yangu kuliko macho yangu. Nilikuwa nimeshinda na nilikuwa na hasira ya kulia.

Mama alitukuta mlangoni mwa zizi. Baba mdogo akamwambia mwanao amelikalia gari la watu. Mama aliwatazama ng'ombe wakiingia, mmoja mmoja, mpaka yule wa mwisho. Kisha akaniuliza mimi, mbele ya baba mdogo, niliona nini kule.

Nikaokota kijiti, nikachora chini mistari minne. Baba mdogo aligeukia kwingine, lakini hakuondoka.