Tembo la Kukuza Ini

Tangu mzee Garama aambiwe ana homa ya ini aina ya B ameze vidonge na aache tembo la mnazi, akili zake zilichanuka ajabu. Siku mjukuu wake Purity, anayesomea virusi, alipoeleza kwamba kule maabara virusi hivyo huzaana zaidi seli za ini zikitulia, na hupungua seli zikiwa mbioni kukua, mzee alipata alichokuwa akikitafuta.

"Mama Fondo," akamwambia mkewe, Mbeyu, "tembo hujeruhi ini, ini hujiotesha upya, virusi hukosa nafasi. Vidonge vya nini tena?"

"Babu, sikusema hivyo."

"Mwache profesa," Mbeyu akasema, ingawa macho ya mumewe yaliyopiga manjano yalimtia hofu. Akaingia ndani, akatoka na vidonge, chupa ya tembo aliyoificha mzee nyuma ya debe la mahindi, na sanda mpya.

"Ini likijeruhiwa kila siku huota makovu, Baba Fondo. Ukichagua chupa, chukua na sanda kabisa, usinisumbue mara mbili."

Garama aliitazama sanda, akanyoosha mkono kwenye vidonge.

"Nipe maji."

"Ya mtungini au ya maabara, profesa?"